Pua yako, kijiti chako: usijidanganye!

Mshkaji, kabla ya 2020 kupimwa virusi vya mafua kwa kawaida ilikuwa mpaka mhudumu wa afya akuchokonoe pua, machozi yakutoke. Novemba 2020 Marekani ikaruhusu kipimo cha kwanza cha korona cha kujipima nyumbani. Februari 2023 kikaja cha korona na influenza kwa pamoja.

Kazi ni ndogo: unaingiza kijiti cha pamba sentimita moja na nusu hivi, unazungusha kama mara tano ukisugua kuta, matundu yote mawili. Ukigusagusa mlangoni tu kwa kuogopa chafya, virusi hunasi. Jibu: "Huna". Halafu huyoo, unakwenda kumkumbatia bibi!

Kipimo cha haraka cha korona kikisema huna, rudia baada ya saa 48. Bado unakohoa? Bibi msalimie dirishani.