Kwa nini tunajiharibia wenyewe?

Ndugu wasikilizaji, baba na mama mliohama vijiji vyenu, nanyi machefu na viongozi wa kambi, leo tunazungumza juu ya jambo gumu kulisema: namna mtu anavyoweza kuvunja kwa mkono wake kitu alichokijenga.

Sikiliza mfano. Mama mmoja ameingia likelemba pamoja na wenzake. Kila siku ya soko anatoa sehemu yake, hakosi. Zamu yake inapokaribia, anagombana kwa neno dogo, anatoka. Wenzake wanasema: "Ana roho mbaya." Pengine si hivyo. Labda siku ya kukimbia alikuwa na pesa ya mavuno mkononi, akanyang'anywa njiani. Tangu siku ile, kupokea pesa na kunyang'anywa ni jambo moja moyoni mwake. Kuliko kungoja hasara ije kwa ghafula, anaileta mwenyewe, siku anayoichagua yeye. Wala hajui kama anafanya hivyo. Ndiyo maana ukimgombeza hasikii. Afadhali siku ya zamu yake asindikizwe na wawili mpaka sokoni, anunue unga, sabuni au kuku siku ile ile, asilale na pesa.

Vilevile baba aliyeazimwa shamba, halimi. Anasema: "Nipande ya nini? Kesho tutahama tena." Si upuuzi, wengine wenu mmehama mara tatu, mara nne. Muhogo unangoja karibu mwaka mzima, na mwaka unamwogopesha. Basi aanze na lenga-lenga. Wiki ya nne anachuma majani, watoto wanakula. Kisha maharagi, karibu miezi mitatu. Muhogo utafuata.

Nanyi machefu, musiseme kwamba kukimbia kunafanya watu kuwa wavivu. Januari 2002, volkano Nyiragongo ilipofunika mitaa ya Goma, watu wengi walirudi baada ya siku chache tu, wakajenga nyumba za mbao juu ya mawe yale. Lakini walirudi mahali walipopajua kuwa ni pao. Kwa hiyo, ukimpa mtu shamba, sema mbele ya mashahidi ni kwa majira mangapi, na mwenye shamba akubali mbele yao. Mtu asiyejua kama atavuna yeye au atavuna mwingine, huyo tusimwambie ashinde hofu yake. Kwanza tumwambie tarehe.