Mbinu za Kuwakinga Vijana na Dawa za Kulevya: Kutoka Vitisho hadi Malezi ya Darasani

Mwalimu anayekusudia kuwakinga wanafunzi wake na dawa za kulevya hana budi kujua mbinu zilizokwisha kujaribiwa na matokeo yake. Tutatumia mfano wa Marekani, ambako mbinu hizo zimepimwa kwa miaka mingi.

Mbinu ya kwanza ilikuwa vitisho. Katika miaka ya 1960 wanafunzi walionyeshwa filamu za watumiaji waliorukwa na akili. Kijana aliyegundua kwamba jambo moja limetiwa chumvi hakuyasadiki tena hata yaliyo kweli. Mwaka 1973 tume ya taifa ilipendekeza masomo ya aina hiyo yasimamishwe mpaka yapimwe.

Ikafuata mbinu ya kukataa. Mwaka 1983 ulianzishwa mjini Los Angeles mpango wa D.A.R.E., ambamo polisi mwenye sare aliwafundisha watoto kusema "hapana". Wazazi waliupenda, nao ukaenea upesi. Lakini uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kwamba ulipunguza matumizi kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 2009 mpango huo ulipokea mtaala mpya, unaosisitiza stadi za kufanya uamuzi na za kuwasiliana.

Mbinu inayotuhusu zaidi sisi wa shule za msingi ilijaribiwa mjini Baltimore kuanzia mwaka 1985, katika darasa la kwanza. Mwalimu aliwagawa watoto katika makundi, watundu na watulivu pamoja, akaweka kanuni chache zilizo wazi. Mtoto alipovunja kanuni, kundi lake lilitiwa alama. Kila kundi lililomaliza mchezo likiwa na alama chache lilishinda. Hivyo makundi yote yaliweza kushinda. Dawa za kulevya hazikutajwa kamwe. Hata hivyo, watoto hao walipofuatiliwa wakiwa na umri wa miaka 19 hadi 21, wavulana waliocheza mchezo huo, hasa wale waliokuwa wakorofi, walionekana kupatwa na matatizo ya dawa za kulevya kwa uchache kuliko wenzao. Kwa wasichana tofauti hiyo haikudhihirika.

Kwa hiyo, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo asimtenge mtoto mkorofi nyuma ya darasa. Amweke katika kundi, amweleze kanuni, na amsifu anapozifuata, siku baada ya siku.