Piga, Cheza, Kuza: Maneno ya Kamera na Vyombo vya Muziki vya Bei Nafuu

Klabu ya kompyuta ya shule aghalabu haina fedha nyingi. Wanachama wake wanapotaka kununua kamera ndogo ya kidijitali au chombo cha mfukoni cha kusikilizia muziki, hutegemea maelezo yaliyoandikwa kwenye boksi, na anayewaeleza maelezo hayo kwa Kiswahili huwa ni mwalimu au mfasiri. Neno moja likifasiriwa vibaya, michango ya mwaka mzima huweza kununua kitu kisichokusudiwa. Makala haya yanafafanua maneno yanayokosewa mara kwa mara katika uwanja huu.

1. Piga na cheza

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachovifaa vyombo vyote viwili, nacho ni kupiga. Kamera hupiga picha. Redio hupiga muziki. Kitenzi kucheza, kinapoandamana na muziki, kwa asili humhusu anayeufuata muziki huo kwa viungo vya mwili. Tofauti hii inaonekana wazi katika ngoma: mpiga ngoma hukaa na ngoma yake, mcheza ngoma huingia uwanjani. Kwa hiyo, sentensi "simu inacheza muziki" huweza kumfanya msikilizaji aione simu ikikata kiuno.

Matumizi ya kicheza muziki yameenea kwenye vioo vya simu na yanaeleweka. Hata hivyo, katika maandishi rasmi inapendekezwa kuandika hivi:
– Chombo hiki hupiga muziki kwa saa kumi bila kuchajiwa.
– Amenunua chombo cha kusikilizia muziki. (Kauli ya kutendea hutaja kazi ya kifaa, kama ilivyo katika kisu cha kukatia nyama.)

2. Biti na baiti

Maneno haya yanakaribiana kwa sauti, lakini hayana maana moja. Biti ni kipimo kidogo kabisa cha taarifa: ama sifuri ama moja. Baiti moja ina biti 8. Kwa desturi, nafasi ya kuhifadhia hupimwa kwa baiti, ilhali wingi wa taarifa katika muziki uliogandamizwa hupimwa kwa biti kwa kila sekunde. Katika vifupisho, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti. Mfasiri asizibadilishe herufi hizo.

Chukua wimbo wa MP3 wa dakika 4 uliogandamizwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde. Sekunde 240 zikizidishwa kwa biti 128,000 hutoa biti 30,720,000. Zikigawanywa kwa 8, zinapatikana baiti 3,840,000, yaani megabaiti 3.84. Chombo chenye nafasi ya gigabaiti 2 kitabeba takribani nyimbo 520 za namna hiyo. Mfasiri akiandika "kilobaiti 128 kwa sekunde", hesabu itaonyesha nyimbo 65 tu, na klabu itaona inahitaji chombo kikubwa zaidi na cha bei ya juu.

Kosa hilo huweza pia kupotosha historia. Rio PMP300, mojawapo ya vyombo vya mwanzo vya MP3, kiliingia sokoni mwaka 1998 kikiwa na megabaiti 32, nafasi ya kutosha nyimbo 8 za kiwango tulichotaja. Mwanafunzi akisoma "megabiti 32", ataamini kwamba kilibeba wimbo mmoja tu.

3. Pikseli na ubora

Pikseli ni nukta moja kati ya nukta zinazounda picha. Megapikseli moja ni pikseli milioni moja. Kamera ya kidijitali iliyoundwa na Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975 ilitoa picha ya pikseli 100 kwa 100, yaani pikseli 10,000 tu.

Si sahihi kufasiri megapikseli kuwa "kiwango cha ubora". Kinachohesabiwa ni idadi ya nukta. Picha iliyochapishwa kwa ukubwa wa inchi 4 kwa 6, kwa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani zaidi kidogo ya megapikseli 2. Ubora hutegemea pia lenzi, pamoja na ukubwa wa kihisi, yaani sehemu inayopokea mwanga ndani ya kamera. Pikseli nyingi zikibanwa kwenye kihisi kidogo, kila moja hupokea mwanga kidogo, na picha ya usiku hutoka na chenga. Neno chenga, ambalo asili yake ni punje za mchele zilizovunjika, linafaa hapa kama linavyotumika kwa televisheni isiyoonyesha vizuri.

Kuhusu ngeli, biti, baiti, pikseli na lenzi huingia katika ngeli ya I-ZI: pikseli hii, pikseli hizi. Haifai kuandika "mapikseli".

4. Kukuza kwa lenzi na kukuza kwa kidijitali

Boksi likitaja ukuzaji wa mara 4, neno kuza peke yake halitoshi. Katika ukuzaji wa lenzi, vioo vya lenzi husogea na taswira inayofika kwenye kihisi huwa kubwa zaidi. Pikseli zote hutumika. Katika ukuzaji wa kidijitali, kamera hukata sehemu ya katikati ya picha na kuitanua. Ikikuza mara 2, hubaki robo ya pikseli zilizopigwa. Ikikuza mara 4, hubaki sehemu moja kati ya 16. Nukta zinazoongezwa kujaza nafasi hazikutoka kwenye kitu kilichopigwa picha, bali zimekadiriwa na kamera. Kwa sababu hiyo, mfasiri ataje daima aina ya ukuzaji, hata kama sentensi itarefuka.

Zoezi la darasani

Mwalimu anaweza kuandika ubaoni: "Kamera ya megapikseli 8, ukuzaji wa kidijitali mara 4." Wanafunzi waulizwe kama mtu aliyesimama mbali, akipigwa picha kwa ukuzaji huo wote, atatoka vizuri kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6. Megapikseli 8 zikigawanywa kwa 16, hubaki nusu megapikseli, ilhali karatasi hiyo inahitaji zaidi ya 2. Jibu ni kwamba hatatoka vizuri, na ni afadhali mpiga picha amsogelee.