Mwalimu wa kujitolea na jamaa inayompokea: mambo ya kupatana kabla ya Septemba



Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapoelekea kwisha, makanisa ya vijijini hutuletea ombi lile lile: mtutumie kijana mmoja atusaidie katika shule. Ombi linatoka Kabare na Walungu, linatoka Kalehe, linavuka ziwa kutoka Idjwi, na mara nyingine linatoka mbali kule Mwenga. Na hapa Bukavu vijana wako. Wamemaliza ISP au chuo kikuu cha UEA, diploma iko ndani ya sanduku, kazi hakuna, na moyo wa kutumika wanao. Basi watu husema: kijana yuko, shule iko, mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Kati ya kijana na shule kuna nyumba atakayolala, na tunataka kueleza habari za nyumba hiyo, kwa sababu ni mara chache zinazungumzwa katika mikutano yetu.

Kwanza tukumbuke kwa nini walimu wa kujitolea wanahitajiwa hata leo. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, shule zetu za Kiprotestanti zinaongozwa na kanisa, na walimu wanalipwa na serikali. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mwalimu analipwa tu ikiwa jina lake limeingia katika orodha ya malipo, ile ya SECOPE ambayo sasa inaitwa DINACOPE. Kijiji kikifungua darasa jipya, mwalimu wa darasa hilo anaweza kungoja miaka kabla jina lake halijaonekana. Hao ndio tunaowaita walimu N.U. Zamani wazazi waliwashika mkono kwa prime, desturi iliyotokea wakati wa migomo ya walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Septemba 2019 masomo ya msingi yakawa ya bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi katika kifungu cha 43. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi: watoto waliokaa nyumbani kwa kukosa feza waliingia darasani. Lakini madarasa yalipojaa, prime iliondoka, na mwalimu asiye na jina katika orodha akabaki mikono mitupu. Kisha vita vikafika Bukavu, Februari 2025, mabenki yakafunga milango, na hata mwenye jina katika orodha akahangaika kuupata mshahara wake.

Ndipo kijana wa kujitolea anapoitwa. Naye anapofika hana nyumba ya kukodi wala feza ya chakula. Kanisa la mahali linamtafutia jamaa ya kumpokea. Mara nyingi mchungaji husimama siku ya Mungu baada ya mahubiri na kuuliza ni nani mwenye nafasi kwake. Mkono unainuliwa, na mara nyingi ni mkono wa baba. Lakini atakayeamka alfajiri kuteka bidoni moja zaidi ya maji, atakayegawa bugali katika sahani saba badala ya sita, ni mama, na yeye hakuulizwa.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu mzima anakula nusu kilo ya unga kwa siku. Tangu mwanzo wa Septemba hadi likizo ya Noeli ni siku zipatazo mia moja. Hizo ni kilo 50 za unga, yaani gunia zima, na hatujahesabu maharagi, sombe, mafuta, chumvi, sabuni na kuni. Kule Kabare na Walungu mashamba ni madogo, na migomba imeharibiwa sana na ugonjwa wa kunyauka. Kuna nyumba ambazo sufuria hupanda jikoni mara moja tu kwa siku. Tena, jamaa hizo hizo ndizo zimepokea waliokimbia vita, kwa maana katika Kivu yetu watu wengi waliohama makwao hawakai kambini, wanakaa katika nyumba za ndugu na za watu wenye huruma. Kwa hiyo mtu akisema kwamba mwalimu fulani anafundisha bure, tumuulize: bure kwa nani? Gunia lile ndilo mshahara wake, na limetoka katika chakula cha watoto wa mama fulani. Ripoti nyingi za kazi hii zinahesabu masaa ya masomo na idadi ya wanafunzi. Unga hauandikwi popote.

Hatusemi haya ili kukataza ukarimu. Kanisa letu lilienea kwa njia hiyo. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika nchini mwaka 1921, na wale wa Norway walianza kazi Kaziba mwaka 1922, lakini waliopeleka kusoma na kuandika mlima hadi mlima walikuwa zaidi watu wetu wenyewe. Walifundishwa kidogo, wakatumwa, wakaishi kati ya watu, wakala walichokula wenyeji. Asubuhi walishika chaki, jioni walishika Agano Jipya. Ndiyo maana hata leo, katika makanisa yetu mengi, neno "mwalimu" lina maana ya mtu wa shule na pia ya mtu wa kanisa.

Maandiko nayo yanatuonyesha nyumba za namna mbili, na ni vizuri kutozichanganya. Katika 2 Wafalme 4 kuna mama wa Shunemu aliyempokea nabii Elisha. Ni yeye aliyetoa shauri kwa mume wake watengeneze chumba kidogo juu, na ndani yake kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne. Mwalimu wa leo hahitaji zaidi: mahali pa kulala, mahali pa kusahihisha daftari, na mwangaza wa kutayarisha somo la kesho. Lakini mama yule alikuwa na uwezo, na neno lilitoka kinywani mwake. Nyumba ya pili ni ya mjane wa Sarepta, katika 1 Wafalme 17, ambaye unga wake ulikuwa wa mara ya mwisho. Pale Mungu mwenyewe alimtuma Eliya, na Mungu mwenyewe akauzidisha unga. Tunapenda sana kuhubiri Sarepta. Lakini kanisa lisimtume mwalimu kwa mjane, kisha likakaa kungojea muujiza huku nyumba za wazee wa kanisa zina mavuno.

Kuna makanisa yamejaribu kugawa mzigo kwa kumzungusha mwalimu: juma hili kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Kwa nje inaonekana kuwa haki. Kwa ndani tunaona hasara. Vitabu vinapotea njiani, mwalimu hazoei mtu wala mtu hamzoei, na kila juma jamaa mpya inajikaza kumpikia kama mgeni wa sikukuu. Bwana Yesu alipowatuma wale sabini, katika Luka 10, aliwaagiza wakae katika nyumba moja, wale walichopewa, wasihamehame. Shauri letu ni hili: mwalimu alale nyumba moja, lakini unga utoke nyumba kumi. Chama cha wamama kinaweza kuliongoza jambo hili vizuri kuliko kamiti yoyote. Kila juma nyumba mbili zinaleta beseni ya unga na maharagi kidogo kwa mama anayepokea. Kwa nyumba kumi, kila moja inaleta mara moja kwa majuma matano. Hapo mzigo unabebeka.

Na mwalimu mwenyewe? Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakristo wa kwanza walisema karibu vile vile. Katika yale Mafundisho ya Mitume, maandishi ya zamani sana ambayo hayamo katika Biblia, msafiri anasaidiwa siku mbili au tatu, na anayetaka kukaa afanye kazi ndipo ale. Jumamosi basi kijana aende shambani pamoja na jamaa, achote maji, apasue kuni. Asigeuzwe mfanyakazi wa nyumba, maana jioni ana masomo ya kutayarisha. Lakini kijana kutoka Kadutu anayeona haya kushika jembe mbele ya wanafunzi wake, tunamwambia kwa upendo: wanafunzi hao wameshika jembe kabla ya kuja kwako darasani.

Tena kuna faida kubwa ambayo hatuipati kwa njia nyingine. Mwalimu wa mjini anasema Kiswahili na Kifaransa. Mtoto wa darasa la kwanza kule Walungu anasema Mashi, wa Idjwi Kihavu, wa Mwenga Kilega. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mahali kuwa za kufundishia katika miaka ya kwanza. Ni vizuri, lakini sheria haimfundishi mwalimu Mashi. Anafundishwa jikoni. Anaanza na "Asinge" ya kusalimu, watoto wanacheka matamshi yake, na baada ya miezi miwili anasikia jinsi wanavyohesabu maharagi, jinsi wanavyosema kitu kimepungua au kimebaki. Mtoto anayeonekana mjinga katika kutoa hesabu kwa Kifaransa, huyo huyo sokoni anarudisha chenji ya parachichi bila kukosea faranga moja. Mwalimu aliyekaa naye nyumbani anajua hivyo. Anajua pia kwamba anayechelewa si mvivu, alitumwa maji mtoni, na kwamba siku ya soko viti vitabaki wazi kwa sababu wasichana wamebeba mizigo pamoja na mama zao. Hapo hashiki fimbo. Anapanga somo zito siku nyingine.

Sasa tuje kwenye mambo magumu, ambayo watu wanayasema kwa sauti ya chini. Msichana anayejitolea asitumwe peke yake, na chumba chake kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani. Kijana mwanaume asiwekwe katika nyumba yenye wasichana wakubwa, hata kama baba wa nyumba ni mzee wa kanisa. Mwanafunzi asiingie katika chumba cha mwalimu. Masomo ya jioni yafanyike mezani mbele ya nyumba, watu wakiona. Ikiwa mtoto wa nyumba yuko katika darasa la mwalimu huyo, direkta wa shule amwombe mwalimu mwingine asahihishe mtihani wa mtoto huyo. Vinginevyo jirani watasema alama zimelipwa kwa bugali, na hata kama ni uongo, shule itaumia.

Kuna pia hatari ya usiku. Kijana aliyetumwa na kanisa la mjini, watu wanadhani ana feza. Wenye silaha wakisikia hivyo, mlango utakaogongwa ni wa jamaa. Kwa hiyo msaada wa kanisa ufike zaidi kwa njia ya unga, sabuni na chumvi, na kama kuna feza ya simu, iwe kidogo na isitangazwe madhabahuni.

Tunashauri mambo haya yaandikwe kwenye ukurasa mmoja kabla ya kijana kuondoka Bukavu. Patano liwe la watu watano: mchungaji, direkta, mwalimu, baba, na mama. Mama atie sahihi yake au alama ya kidole, baada ya kusomewa kwa lugha yake. Ionyeshe tarehe ya kuanza na ya kumaliza, nyumba zitakazoleta unga, atakayegharamia dawa mwalimu akishikwa na malaria, na jina la mama mwingine ambaye mama wa nyumba atamwendea ikiwa kuna neno lisilosemeka mbele ya mchungaji. Iandikwe wazi pia kwamba mama ana ruhusa kusema imetosha, na mwalimu atahamishwa bila aibu kwa mtu yeyote.

Kuhusu mwisho wa kazi, tunawasihi mwalimu wa kujitolea asipewe darasa peke yake. Awekwe pamoja na mwalimu N.U. wa kijiji, wafundishe wawili, watayarishe masomo pamoja. Kijana wa mjini akipata kazi ya mshahara ataondoka, na hatuwezi kumlaumu. Atakayebaki na watoto ni yule wa kijiji. Na kama ni lazima kuondoka, iwe baada ya mitihani kusahihishwa na alama kusomwa, mbele ya wazazi. Kanisa lipite nyumbani kuaga, si shuleni tu, na aliyetumwa kufuata aonyeshwe kwa mama siku hiyo, kabla mama hajakubali au kukataa kuendelea.

Kitanda, meza, kiti na taa, kama kanisa lilivinunua, vibaki katika nyumba hiyo. Watoto wa mama nao wana daftari za kuandika jioni.