KAFARA YA TANGI LA MAJI MOTO

Ndugu Wanachama,

Tangu mwaka 2010, waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari ulipoiunga Pemba na Tanga, hita za maji zimezidi majumbani. Fedha inayozinunua ni ya karafuu, na si haba. Twaona basi inatupasa kueleza kwa nini tangi la hita hutoboka mapema, na namna ya kulikinga.

Tangi aghlabu hufanywa kwa chuma, na ndani hupakwa ngozi nyembamba ya kigae. Ngozi hiyo haikosi nyufa, na penye ufa ndipo kutu huanzia. Kwa hiyo ndani hutiwa ufito wa madini yaliyo mepesi kuliwa kuliko chuma. Mafundi huuita anodi. Maji huula ufito na kuliacha tangi. Ufito ni kafara. Ukisha, zamu ya tangi imefika.

Dawa hii ni ya zamani. Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba shaba iliyovikwa merikebu hailiwi na maji ya bahari ikigusana na zinki au chuma. Vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya boti za mashine ni kazi hiyo hiyo.

KUCHAGUA. Ufito wa magnesiamu hukinga vyema, lakini maji ya kisima chenye chumvi huumaliza upesi. Wa aluminiamu hukawia zaidi katika maji magumu. Maji ya moto yakinuka yai viza, hufaa wa aluminiamu uliochanganywa na zinki. Kwanza tazameni kijitabu cha hita: urefu, unene na hesi za ufito mpya lazima ziwe sawa na za ule wa kwanza. Matangi ya chuma kisichoshika kutu mengi hayana ufito.

KUBADILISHA. Ufito utazamwe kila mwaka. Ukiwa umebaki nusu ya unene wake, au waya wa katikati umeonekana, utolewe. Kazi hii afanye fundi ajuaye umeme, kwa utaratibu huu:

1. Azime umeme kwenye swichi kuu, si ya hita peke yake.
2. Maji yaachwe yapoe, koki ya kuingizia ifungwe, tangi limwagwe.
3. Katika hita nyingi za ukutani ufito umeshikana na kipasha moto. Basi mpira wa kuzuia maji ubadilishwe pamoja nao.
4. Tangi lijazwe hata maji yatoke mfululizo katika bomba la moto. Hapo ndipo umeme uwashwe. Kipasha moto kikiwashwa pakavu huungua.

Tena msidhani ufito huzuia umeme kumpiga mtu. Kazi hiyo ni ya waya wa ardhini, nao usikosekane.

Shauri letu: kazi hii ifanywe kila msimu unapokwisha, kabla fedha haijapata njia nyingine. Bei ya ufito ni ndogo mbele ya bei ya tangi.

Wabillahi tawfiq.

Katibu