Bangili ya Mhunzi na Daftari la Duka

Msafiri atokaye Babati kwenda Singida hupita chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake kimepita mita 3,400, na huko mguuni pa mlima, upande wa kusini, huukuta mji wa Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang. Walio mbali huujua mji huu aghalabu kwa mambo mawili, mlima wenyewe na mnada wake mkubwa wa mifugo. Na tangu tarehe 3 Desemba 2023 wameujua kwa jambo la tatu lenye huzuni, maporomoko ya tope na mawe yaliyoshuka kutoka mlimani yakachukua roho za watu zaidi ya 80. Jambo la nne, ambalo ndilo makusudio ya makala hii, husahauliwa: kwamba nchi hii, kuanzia nyanda za Basotu na kando za ziwa Balangida hata vilima vya Mbulu, ni nchi ya mafundi. Apitaye katika mnada kwa jicho la kazi ya mikono haoni ng'ombe peke yao. Huona bangili za shaba ya njano zilizopangwa mkononi mwa mama wa Kibarabaig, ngozi iliyolainishwa na kutiwa ushanga, vibuyu vya maziwa, mikuki na fimbo, na kila kimoja kimetoka katika mkono wa mtu mwenye ustadi wake na jina lake.

Vitu hivi vikikusanywa katika nyumba moja ya maonyesho, ambamo mgeni na mwenyeji wataweza kuvitazama kwa utulivu na kuvinunua kwa bei ya haki, nyumba hiyo iendeshwe kwa namna gani? Wengi wakiulizwa swali hili huanza na rafu, vioo na taa. Mimi huanza na daftari, kwa kuwa naamini ya kwamba nyumba ya namna hii haifi kwa kukosa vitu vizuri, wala haifi upesi kwa kukosa wanunuzi. Hufa siku ile fundi anapokuja kuuliza habari za kazi yake na asipatikane mtu wa kumjibu.

Tumchukue mhunzi, maana hadithi yake ina mambo mengi kuliko za wenzake. Katika Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao kubwa, uhunzi si kazi ya kila apendaye. Umekaa katika ukoo maalumu, na kwa dasturi ya kale ukoo huo hujitenga, au niseme hutengwa, na koo nyingine: wafugaji hawaoi kwao wala hawaozi kwao, na moto wa mhunzi hutazamwa kwa hofu kana kwamba una najisi ndani yake. Walakini mkono wa mama mfugaji umejaa bangili za mhunzi huyo huyo, na mkuki wa mumewe umetoka katika makaa yale yale. Ni hali ya ajabu kidogo, ingawa haipatikani Hanang tu, kwamba kazi ya mtu ipewe taadhima yote na mwenyewe asipewe hata nusu yake.

Mhunzi huyu hana mgodi. Malighafi yake ni koki za maji zilizochakaa, kufuli mbovu, misumari na vyuma vikuukuu ambavyo wengine wamevitupa. Mvukuto wake ni wa ngozi ya mbuzi. Mtu hukaa chini akausukuma kwa mikono miwili, mmoja ukishuka mwingine ukipanda, upepo ukapita katika mrija mpaka kwenye makaa. Shaba ikiyeyuka humiminwa katika kalibu ikaganda kuwa kijiti. Kijiti hufuliwa kwa nyundo, kikapashwa tena moto, kikanyoshwa, kikakunjwa kuwa duara, na mwisho kikatiwa nakshi kwa patasi ndogo, mistari ya mshazari na pembetatu zinazofuatana. Upande wa ziwa Eyasi, wilayani Karatu, watalii hupelekwa kuzitazama kazi hizi kwenye viwanda vyenyewe, na wahunzi wa huko ndio ambao tangu zamani huwapa Wahadzabe vigumba vya mishale. Mnunuzi wa Eyasi, basi, hutoka na bangili akiwa amemwona aliyeifua. Katesh haina wageni wengi wa namna hiyo. Wajao ni wachache wapandao mlima, na hao huja na viatu vya kupandia na haraka ya kurudi.

Kwa hiyo nyumba ya maonyesho ya Katesh isijengwe kwa kumngojea mtalii. Wanunuzi wake wa kwanza ni wale wale waliopo: abiria na madereva wa barabara ya lami, watumishi wa serikali waliohamishiwa wilayani wanaotaka zawadi ya kupeleka kwao, wana wa Hanang na Mbulu waishio Arusha na Dar es Salaam, na maharusi. Mnada nao usidharauliwe, maana kwa hakika ndio nyumba ya maonyesho ya zamani kuliko zote hapo. Una sifa moja ambayo maduka mengi ya fahari yameikosa, nayo ni malipo ya papo kwa papo: mtu hutoa kitu, hupokea fedha, wakaachana bila deni. Aibu yake ni ya saa kumi na moja jioni. Mama aliyetoka kijijini kabla ya alfajiri na vibuyu vyake, jua likianza kushuka asijue atalala wapi, huuza kwa bei yoyote atakayotajiwa, na wachuuzi wajuao mambo huingoja saa hiyo. Hapa ndipo nyumba ya maonyesho ingeleta manufaa ambayo mnada hauwezi kuyaleta: kukipa kitu muda wa kungojea mnunuzi wake, bila mwenyewe kulala njaa.

Lakini kungojea huko ndiko kunakozaa shida, kwa sababu kitu kikilala dukani, jina la mwenyewe hulala nacho. Nchi yetu ina mifano mashuhuri. Edward Saidi Tingatinga alipofariki Dar es Salaam mwaka 1972, wanafunzi na jamaa zake waliendelea na kazi aliyoianzisha, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Jina lake likaenea duniani, na kazi za wachoraji wengi waliomfuata zikauzwa chini ya jina hilo moja, mnunuzi akienda zake na picha bila ya kujua ni nani aliyeichora. Vinyago vya Kimakonde vilipatwa na jambo kama hilo kwa miaka mingi. Kwamba leo tunamjua Samaki Likankoa, aliyechonga kinyago cha kwanza cha mtindo uitwao shetani mwishoni mwa miaka ya hamsini, ni kwa kuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, alikuwa na tabia ya kuwajua wachongaji wake mmoja mmoja na kuwahimiza wafuate fikira zao wenyewe. Simsifu Peera kwa ihsani. Alikuwa mtu wa tijara. Bali alifahamu kwamba kazi yenye mwenyewe hutafutwa tena, na isiyo na mwenyewe hununuliwa mara moja tu.

Wakamba wa Kenya walilitatua jambo hili kwa njia nyepesi. Katika ushirika wao wa wachongaji huko Changamwe, Mombasa, ulioanza mwaka 1963, kila mwanachama ana nambari yake, na nambari hiyo huandikwa kwenye kinyago, hata kinapouzwa karani afungue kitabu ajue ni nani wa kulipwa. Katesh ingeweza kuanza hapo, kisha isonge hatua moja mbele, iandike jina kamili na kijiji. Mhunzi ambaye jirani yake hamwozi binti angeliona jina lake limesimama kando ya bangili, mbele ya watu, kwa wino. Sidai kwamba kipande cha karatasi kitaondoa dasturi ya karne nyingi. Nasema tu kwamba dasturi haikumnyima mhunzi fedha ya bangili. Ilimnyima kutajwa, na kutajwa hakumgharimu mwenye duka hata senti.

Sasa tuje kwenye fedha. Ziko njia mbili za kupokea kazi ya fundi. Ya kwanza ni kuinunua moja kwa moja, nayo huitaka nyumba iwe na mtaji mkubwa, kwani shaba na ushanga vikikaa rafuni mwaka mzima ni fedha iliyolala. Ya pili ni mali kauli: fundi huacha kazi yake kwa amana, nayo ikiuzwa hulipwa fungu lake. Maduka mengi huchagua ya pili, na mengi huharibikiwa hapo. Tuseme bangili imeuzwa kwa shilingi 15,000, na makubaliano ni kwamba theluthi mbili ziwe za fundi. Tangu dakika ile shilingi 10,000 si mali ya duka tena, ingawa zimo ndani ya sanduku la duka. Mwenye nyumba akizitumia kulipia umeme kwa nia ya kuzirejesha mwisho wa mwezi, amekopa kwa mtu asiyejua kwamba amekopesha. Na mwezi ukiisha ana deni la watu kumi, kila mmoja akiwa na nauli ya kuja Katesh kudai na hana nauli ya kurudi. Dawa yake haihitaji elimu kubwa: masanduku mawili, daftari lenye safu ya kitu, jina, siku ya kupokelewa, siku ya kuuzwa na siku ya kulipwa, na sahihi au dole gumba la fundi kwenye kila malipo. Mtu asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi wake. Simu ya mkononi imerahisisha mengi, maana fungu laweza kutumwa siku ile ile. Ujumbe wa simu, hata hivyo, hupotea pamoja na simu, daftari hubaki.

Gharama za nyumba zitoke wapi, basi, ikiwa theluthi moja haitoshi? Jibu mojawapo liko Iringa. Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya kanisa la Anglikana ikiwa na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, ilikua ikawa karakana ya watu wengi wenye ulemavu, na kando ya karakana na duka ikaweka mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi pia. Mgeni huingia kwa kiu ya kahawa, akatoka na kitambaa kilichofumwa. Mji wa njia kuu kama Katesh, ambako mabasi husimama na watu wana njaa, ungepata nafuu kubwa kwa jiko lenye maziwa, chai na ugali moto. Na sioni aibu yoyote katika sanaa kulishwa na sufuria.

Juu ya utunzaji nitasema machache. Ngozi huliwa na wadudu na huvunda wakati wa masika. Itundikwe mahali penye hewa, isikunjwe. Shaba hufifia, lakini isisuguliwe kila siku mpaka nakshi ikafutika. Kitu chenye ngozi au jino la mnyama wa porini kisipokelewe bila ya kibali, hata kama muuzaji ni babu mwenye mvi na maneno matamu, kwa sababu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimtazami mtu mvi. Na baada ya yaliyoupata mji mwaka 2023, hapana udhuru wa kujenga kwenye mapito ya maji ya mlima, wala wa kuweka daftari moja tu: nakala yake ikae Babati.

Limebaki jambo ambalo mimi naliona ni gumu kuliko hesabu, nalo ni kujua kisichouzwa. Wairaqw, ambao majirani huwaita Wambulu, walikuwa na sketi za ngozi zilizotiwa ushanga kwa ustadi mkubwa, kazi iliyofungamana na unyago wa wasichana ulioitwa marmo. Unyago huo ulikoma zamani za utawala wa Waingereza, na baadhi ya sketi zilizosalia zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, hata binti wa Mbulu atakaye kuiona kazi ya bibi wa bibi yake yampasa kwanza aombe viza. Kila moja ilitoka kwa namna fulani, na yamkini nyingine zilitoka kwa bei iliyoonekana nzuri siku hiyo.

Mama wa Kidatoga angali ana sketi yake ya ngozi, iliyochanwa michirizi myembamba na kupambwa kwa ushanga, nayo ni alama ya hadhi yake ya kuwa mke. George Klima, mwana-anthropolojia wa Marekani aliyekaa na Wabarabaig katika miaka ya hamsini na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza habari za baraza la wanawake lililokuwa na nguvu ya kumhukumu mwanamume aliyewavunjia wanawake haki zao na kumtoza faini ya ng'ombe. Watu wenye urithi wa baraza la namna hiyo hawahitaji mwenye duka awaamulie kipi kiuzwe na kipi kisiuzwe. Awaite wazee wa kike wakae, wavitazame vitu, waseme. Wakikataa, kitu kisiwekewe bei, na mnunuzi mwenye fedha nyingi aonyeshwe bangili. Mama akikubali sketi yake itazamwe tu, iandikwe katika ukurasa wa azima, si wa mauzo, apewe stakabadhi yenye jina lake; na sherehe ya mwanawe ikiwadia, sketi itoke kwenye kioo irudi kiunoni mwa mwenyewe, na mahali pake pabandikwe karatasi ya kuwaambia wageni imekwenda wapi na itarudi lini.