Figo na Mshipa Wake (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna figo zinavyochuja damu. Leo yatupasa tuutazame mshipa unaoipelekea kila figo damu hiyo, kwa kuwa figo mbili, ambazo uzito wake haufikii hata sehemu moja katika mia ya uzito wa mwili, hupokea takriban moja ya tano ya damu yote isukumwayo na moyo.

Katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, mkoani Geita, ambako wachimbaji wadogo hushuka maduarani, yaani katika mashimo ya kuchimbia, kwa kamba au kwa kukanyaga magogo yaliyopachikwa ukutani, huenda kijana akateleza, akaporomoka hata chini. Mwili husimama ghafla, lakini figo, iliyoegemea mafuta tu nyuma ya tumbo, huendelea kwenda, ikauvuta mshipa wake. Tabaka la nje, lenye kunyumbuka, hustahimili, ilhali la ndani huchanika. Hapo damu hupenya kati ya matabaka, kama mkono uliopotea ukapita baina ya koti na bitana yake, ikaisukuma ile bitana hata njia ikazibika; na figo iliyokosa damu huanza kufa kwa muda wa saa chache.

Msiba huu hujificha. Kijana hana jeraha wala mfupa uliovunjika; hulalamikia ubavu, pengine na kichefuchefu, akaambiwa ni misuli au vijiwe vya figo, akapewa dawa ya maumivu akarudi kambini. Wengine huutazama mkojo, wakiuona safi hutulia. Nami nasema kwa yakini kwamba mkojo safi si ushahidi wa salama, kwani mshipa ukizibika kabisa, damu huenda isionekane mkojoni asilani. Kinachoudhihirisha mpasuko ni picha ya CT iliyopigwa baada ya kudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, kama ile ipatikanayo katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Na kwa atokaye Geita kwenda huko, Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limeondoa ile adha ya kungojea kivuko iliyokuwa ikila saa za mgonjwa.

Fauka ya hayo, figo iliyonyimwa damu huweza kumwaga kimeng'enya kiitwacho renini, ikapandisha shinikizo la damu hata kwa kijana mdogo, wiki au miezi baada ya ajali kusahauliwa.

Basi, enyi wasimamizi wa maduara na waganga wa zahanati za machimboni, aliyeanguka kutoka juu akaumwa ubavu apelekwe hospitali siku ile ile, daktari aelezwe kina alichoangukia, na akisharudi kazini aendelee kupimwa shinikizo la damu.